Sikumzika bibi, nikaenda kukaa kwenye benchi lake

Pole sana mkuu. Umeuliza kama kuna maana ya kwenda kijijini sasa, wakati bibi yako alishazikwa na wewe hukuwahi. Nikujibu kwa yaliyonikuta mimi.

Bibi yangu alikuwa wa Machame, kule Kilimanjaro, Mlutheri kindakindaki. Alifariki mimi nikiwa kazini Mtwara. Basi likatufia Korogwe tukalala hapo, nikafika nyumbani nakuta vijana wanakunja maturubai. Kaburi lake liko kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kama desturi yetu Wachaga, kati ya migomba na mimea ya masale. Nikasimama pale, chozi halikutoka hata moja. Niliona aibu, nikarudi zangu kazini.

Mwaka uliofuata nikapanda tena. Shangazi akaniambia, "Kama unamtafuta mama, nenda kanisani kwake." Hakukuwa na ibada ya kumbukumbu wala nini, ilikuwa Jumapili ya kawaida.

Ni kanisa la mtaa tu, siku nyingi ibada anaongoza mwinjilisti. Ila wamishonari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, kwa hiyo watu wa kule Ulutheri wameurithi pamoja na vihamba, na wanajua nani hukaa wapi. Mimi nikajibanza nyuma karibu na mlango. Mama mmoja mtu mzima akanifuata, akanivuta mkono: "Toka huku. Kwenu ni pale." Benchi la tatu, dirishani. Kwenye mgongo wa benchi la mbele kulikuwa na sehemu moja iliyosuguliwa ikang'aa, upana wa kiganja. Bibi alikuwa na goti bovu. Tulipoambiwa tusimame, nikashika hapohapo.

Ukafika wakati wa wageni kujitambulisha. Nikataja jina langu, kimya. Nikataja mimi ni mjukuu wa nani, kanisa zima likaguna, na mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Yule wa mkungu?" Watu wakacheka. Sikuelewa mpaka tulipotoka kwenye mnada.

Kwa msiojua: vijijini kwetu asiye na pesa hutoa sadaka ya mazao, mayai, maharage, kuku, maziwa, halafu vinanadiwa nje baada ya ibada. Mhazini akanisimulia kwamba bibi alikuwa akileta mkungu wa mchare, ndizi zetu za kupika, na dalali akikwama kwenye Sh 3,000, bibi anapandisha mwenyewe mpaka 8,000, analipa, anajitwika mkungu wake na kurudi nao nyumbani. "Ndizi ya Mungu haiuzwi bei ya kutupa." Mkuu, sisi wajukuu tulimjua bibi huyuhuyu kwa ubahili! Sukari kijiko kimoja, tena cha kukwangua.

Mhazini akafungua daftari la bahasha za sadaka, kila msharika na namba yake. Namba 47, mwezi kwa mwezi, kiasi kidogo kidogo lakini hakuna pengo, mpaka mwezi aliougua. Baada ya hapo mstari mtupu, hawakuufuta. Akaniuliza kama kuna mtu wa kuiendeleza au namba apewe mwingine. Hapo ndipo nililia, mbele ya watu na kuku wa mnada.

Kwa hiyo nenda. Usipeleke msafara wala usitangaze, utapokelewa kama mgeni rasmi na hutasikia lolote la maana. Jitambulishe kwa jina la bibi yako, lako wewe halina kazi kule. Beba noti ndogondogo za mnada. Ibada ikiisha usikimbilie gari, maana stori zote ziko nje, na ukikaribishwa chai nyumbani kwa mtu, kunywa. Na kama kuna jambo alilolificha bibi yako, jiandae, wanawake wa jumuiya yake wanalijua.

Bahasha namba 47 naituma kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mhazini hunijibu neno moja tu: "Imefika."