Maswali yenu kuhusu MaddAddam, kitabu cha kufungia

Mwaka 2013 Margaret Atwood wa Kanada alifunga kwa riwaya ya MaddAddam hadithi yake ya vitabu vitatu kuhusu dunia iliyofagiliwa na tauni aliyoiunda mwanasayansi mmoja, Crake. Tangu nikisifie hapa kitabu hicho, maswali hayajakoma.

Naweza kuanza na hiki cha tatu?

Mwanzoni umewekewa muhtasari, hutapotea. Lakini utajinyima uhondo. Oryx and Crake (2003) na The Year of the Flood (2009) vinasimulia kipindi kilekile, cha kwanza kwa macho ya Jimmy, rafiki wa Crake, cha pili kwa macho ya Toby na Ren, wanawake wawili walionusurika tauni. Vinakutana ufukweni, na cha tatu kinaendelea kutoka hapo.

Mbona Toby hasimulii mpaka avae kofia na kuonja samaki?

Ahsante kwa swali hili, maana ndipo ulipo moyo wa kitabu. Wale watu wapya waliotengenezwa na Crake, walaji majani wasiojua ubaya, walizoea kusimuliwa na Jimmy. Jimmy akiugua, wanamdai Toby afuate desturi yote: kofia nyekundu, samaki, saa mbovu. Aliyekua akiitikia “Pakawa!” hahitaji kuelezwa. Wasikilizaji wanamkatiza, wanauliza, wanaanza kuimba, naye anawasihi wanyamaze. Na maneno yao hayakuandikwa hata mara moja! Tunayajua kwa majibu ya Toby tu. Kisha mtoto wao, Blackbeard, anafundishwa kuandika, na Toby anaingiwa na hofu: nimewafungulia nini hawa? Taratibu simulizi inahama mdomoni mwake, inaingia mkononi mwa mtoto.

Nguruwe wenye akili za watu si chumvi iliyozidi?

Atwood anasema mwishoni kwamba hakutia teknolojia wala kiumbe ambacho hakipo, hakitengenezwi, au hakiwezekani kinadharia. Januari 2022, huko Maryland, Marekani, David Bennett alipandikizwa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni, akaishi nao takriban miezi miwili. Nguruwe wa kitabuni walifugwa kwa kazi hiyohiyo ya viungo. Wanapokuja kwa maandamano, wamebeba maiti ya mtoto wao iliyopambwa maua, kuomba msaada dhidi ya wauaji, nililazimika kukiweka kitabu chini kwanza.

Maisha ya Zeb, mpenzi wa Toby, yamechukua kurasa nyingi mno, au ni mimi tu?

Si wewe tu. Hata mimi palinichosha. Vumilia, kwa kuwa ndiko anakotokea Adam One, kiongozi wa kikundi cha dini alichokuwamo Toby.

Mwisho wake ni wa furaha?

Kama hujakimaliza, ishia hapa. Jimmy anakufa, Adam One pia. Zeb anafuata moshi ulioonekana mbali, harudi. Toby naye anaingia msituni peke yake. Haya yote anayaandika Blackbeard, kwa maneno yake machache. Kisha anaandika kwamba Swift Fox, mmoja wa wanawake walionusurika, ana mimba, na mtoto akiwa wa kike ataitwa Toby.