Kodi kubwa kuliko nauli?

SWALI: Tiketi yangu ya ndege ya kwenda na kurudi inaonyesha nauli dola 210, "kodi na tozo" dola 340. Je, zote zinakwenda serikalini? Na nisiposafiri, nitarudishiwa?

JIBU: Hapana, si zote. Fungua mchanganuo wa bei, utazame herufi mbili kando ya kila kiasi. YQ na YR ni tozo za shirika la ndege lenyewe, ambazo mara nyingi huitwa za mafuta. Hizo ndizo huvimbisha safu ya kodi, na kwa haki zingeandikwa ndani ya nauli. GB ni ushuru wa abiria anayeondoka Uingereza. Hupanda kwa umbali na daraja la kiti. Anayeunganisha ndege London ndani ya saa 24 kwa tiketi moja kwa kawaida halipi. Akikata tiketi mbili zisizohusiana, analipa.

Usiposafiri, futa safari kabla ndege haijaondoka. Hata kama nauli hairudishwi, dai kodi za serikali na viwanja vya ndege, kwani nyingi hudaiwa abiria akisafiri tu; YQ mara nyingi hubaki kwa shirika. Mwandikie aliyekuuzia, ukitaja namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Wakala anaweza kukata ada yake, kwa hiyo iulize kwanza.