Mbao mbichi ya Gikomba na maswali mengine ya dojo

Mitihani ya mikanda ya karate imekaribia hapa dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, na barua karibu zote za wiki hii ni za mbao za kuvunja kwa mkono au mguu.

Mwalimu, nilinunua mbao soko la Gikomba, Nairobi, nikakata vipande, nikapiga mpaka mkono ukafura. Hakikuvunjika hata kimoja. Mkono wangu ni dhaifu? (Kijana wa Kayole)

Pole, lakini mkono usiulaumu bado. Mbao yenyewe ilikuwa kavu? Saiprasi nyingi ya hapa mjini huuzwa ikiwa bado na maji, na mbao yenye maji hupinda badala ya kupasuka. Ipange kivulini penye hewa, weka vijiti kati ya kipande na kipande, uiache wiki kadhaa. Ikikauka utaihisi nyepesi, na ukiigonga italia kwa sauti kali.

Halafu kuna nyuzi. Mbao hupasuka ikifuata nyuzi zake, kama kuni. Chukua ya inchi 12 kwa 1 (upana kwa unene), mwambie fundi aikate kila baada ya inchi 10, na ukatae kipande chenye jicho la tawi katikati. Anayekushikia ashike zile kingo mbili za ubavuni, si pale msumeno ulipopita, nyuzi zikiwa zimesimama wima mbele yako. Akishika kwenye ncha zilizokatwa, utakuwa unajaribu kukata nyuzi zenyewe, na hapo hata mimi sipigi. Usidanganywe pia na ile ya 6 kwa 1 kwa kuwa ni ya bei nafuu: kipande chembamba kwa upana ni kigumu zaidi kuvunja.

Nayasema haya kwa uchungu. Kwenye mtihani wa mkanda wa kahawia nilipewa mbao mbichi, nikaipiga mara tatu kwa ubishi. Mkanda niliupata. Kalamu ndiyo sikuishika wiki mbili.

Rafiki yangu hupiga ukuta kila asubuhi ili mkono uwe sugu. Nimfuate? (Githurai)

Usimfuate. Sugu ni ngozi tu. Mifupa midogo iliyo chini yake na viungo vyake havipendi simiti. Na wala usianze na ngumi. Anayeanza hupiga vibaya, uzito ukaangukia upande wa kidole cha mwisho, na mfupa wa hapo ndio huvunjika kwa urahisi. Anza na sehemu nene ya kiganja karibu na kifundo cha mkono, au teke la ubavu kwa kisigino. Ngumi itakuja baadaye, kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati peke yake.

Mbona ikivunjika siumii, na isipovunjika nalia? (South B)

Swali zuri kuliko yote wiki hii. Ikivunjika, nguvu yako inaishia kwenye mbao na mkono unapita. Isipovunjika, mkono unasimama ghafla na pigo lote linaurudia. Ndiyo maana anayesitasita huumia kuliko anayepiga kwa moyo mmoja: kusita kunapunguza mwendo pale pale unapouhitaji.

Mwaka 1979 wanafizikia watatu wa Marekani, Michael Feld, Ronald McNair na Stephen Wilk, waliandika makala kuhusu fizikia ya karate. (McNair mwenyewe alikuwa na mkanda mweusi; baadaye akawa mwanaanga, akafa katika ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986.) Jambo moja la kushika: ngumi huwa na kasi kubwa zaidi kabla mkono haujanyooka kabisa. Kwa hiyo simama karibu, na jicho lako lilenge nyuma ya mbao. Wengi wanaoshindwa kwangu wamesimama mbali mno, ngumi inafika imechoka.

Mwanangu ana miaka 9, anataka kuvunja kama wakubwa. (Mama, Umoja)

Mama, mifupa yake bado inakua, na sehemu laini za ncha za mifupa zikiumia zinaweza kuharibu ukuaji. Ngumi asipige kabisa. Mpe mbao nyembamba au zile za plastiki zinazounganishwa tena, apige kwa kisigino, mwalimu akiwepo. Furaha yake itakuwa ile ile.

Olimpiki wanatoa pointi kwa mbao? (Kawangware)

Hapana. Faith Ogallo alipotuwakilisha Tokyo katika mchezo wa mapigano wa taekwondo, pointi zilitoka kwenye mapigo ya mwili na kichwa cha mpinzani. Mbao ni za mitihani na maonyesho.

Mimi ndiye hushika, na ninaogopa. (Dada wa Kariobangi)

Kazi yako ni nusu ya pigo. Nyoosha viwiko uvikaze, tanguliza mguu mmoja, vidole visichungulie upande wa mpigaji, uso ugeuze pembeni. Ukirudi nyuma hata kidogo, mbao inalainisha pigo na mwenzako anaumia. Mbao ikiwa nene, ombeni mshikaji wa pili. Na mpigaji akianza kukimbia kutoka mlangoni kama anayekimbilia matatu, weka mbao chini, umwambie arudi karibu.