Wadogo zangu mliopata kazi serikali kuu ya Marekani, SF-50 zenu, zile fomu rasmi za ajira yenu, ziko wapi?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye akika huko Silver Spring. Karibu na sufuria ya pilau walikaa vijana watatu, wote wageni serikali kuu, mmoja bado ana kamba ya kitambulisho cha kazi shingoni. Jumamosi. Kwenye akika. Sikumcheka, maana mimi nilikuwa naivaa ile kamba mpaka Costco. Nikawauliza swali moja tu: SF-50 zenu mmeziweka wapi? Wakatazamana. Yule wa kamba akanijibu, "Zimo kwenye mfumo, anti. Ukiingia na kadi unaziona."

Ukiingia na kadi. Hamu ya pilau ikaniisha pale pale.

Basi haya ni yao, na ya wengine wote mlioapa juzi.

1. Chapisheni SF-50 zenu, kila moja, mziweke nyumbani kwenye bahasha ile yenye cheti cha uraia. Kila mtu anasoma kisanduku cha mshahara. Someni cha 24, kinachoonyesha kama ajira yako ni ya kudumu au bado ya masharti, na cha 45, yale maelezo ya chini ambayo hakuna anayeyasoma. Hapo ndipo wanapoandika kama uko kwenye majaribio na yalianza lini.

2. Tathmini zenu za kazi nazo ni za kuchapisha. Februari 2025, serikali ilipowaachisha watu wa majaribio kwa maelfu, waliopewa tathmini nzuri muda mfupi kabla waliandikiwa kwamba utendaji wao hautoshi.

3. Soma barua mpaka ukurasa wa mwisho. Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miaka saba katika ofisi moja, mtumishi kamili, majaribio nilishayamaliza na kuyasahau. Agosti 2024 nikapata cheo ofisi nyingine, daraja la mshahara GS-12, kazi tofauti kabisa. Kule niliondoka Jumamosi, huku nikaanza Jumapili. Hata siku moja ya utumishi haikukatika. Ila niliomba kupitia tangazo la wananchi wote badala ya lile la watumishi wa ndani, kwa sababu la ndani lilishafungwa na mimi ni mtu wa dakika ya mwisho. Kisanduku cha 45 kikaandikwa: majaribio ya mwaka mmoja. Nikakipita huku naongea na simu.

Tarehe 20 Januari 2025 OPM, ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu, ikazitaka ofisi zote zipeleke orodha ya watu wao wa majaribio. Nilisikia, nikapita. Majaribio kwangu yalikuwa mambo ya watoto waliotoka chuo jana. Barua ilinikuta Ijumaa ya tarehe 14 Februari, saa kumi na dakika ishirini jioni, nafanya kazi nyumbani na maharage yako jikoni. Kurasa mbili. Wa kwanza ulisema mimi ni mtumishi wa majaribio na utendaji wangu haujaonyesha kuwa nastahili kubaki. Nililisoma lile neno "majaribio" mara tatu, nikaliamini. Kosa langu lote limo humo. Kufika saa kumi na moja kadi ilishakufa, kompyuta inanikataa kama mgeni, na maharage yameungua. Ukurasa wa pili, wenye anwani ya bodi ya rufaa, MSPB, na ile habari ya siku 30, sikuugusa mpaka Machi.

Sasa sikilizeni. Mtu aliye kwenye majaribio kweli, mlango wake wa MSPB siku zile ulikuwa tundu la sindano: uonyeshe umeondolewa kwa ajili ya siasa za vyama au hali ya ndoa. Lakini sheria haiangalii umeitwaje kwenye barua. Ukiwa kwenye ajira ya ushindani (competitive service), na una mwaka mmoja wa utumishi mfululizo usio wa muda mfupi, hata kama ulihama ofisi, hata kama umeandikiwa majaribio mapya, unahesabika mtumishi kamili mwenye haki ya rufaa. Ulipaswa kupewa notisi ya siku 30 na nafasi ya kujibu. Mahakama ya rufaa ilishalisema hilo tangu 2002. Yaani mimi nilikuwa na mlango mzima, nikakaa barazani nalia.

Siku zile 30 nilizifanyia nini? Nilitazama habari. Watu kama 25,000 tulikuwa tumeachishwa, kwa hesabu zilizopelekwa mahakamani, na mimi niliona msiba wa wengi una wakili wake. Tarehe 13 Machi Jaji William Alsup wa San Francisco akaamuru wizara sita ziwarudishe watu, na siku hiyo hiyo Jaji James Bredar wa Maryland akatoa amri yake juu ya ofisi kumi na nane. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikampigia mama Tanga, nikamwambia nimerudishwa kazini. Mama akachinja kuku, akaita majirani.

Ofisi yangu haikuwamo kwenye orodha hata moja. Sikuangalia. Muda wangu wa rufaa ulikuwa unaisha Jumatatu ya tarehe 17, na Jumatatu hiyo nilikuwa napiga pasi nguo za kurudia kazini.

Aliyenizindua ni mzee mmoja wa chama cha wafanyakazi, tarehe 26. Aliniuliza barua ni ya lini, akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Nilipeleka rufaa hivyo hivyo, na kurasa nne za kueleza kwa nini nimechelewa, bila SF-50 ya ofisi ya zamani kwa sababu ilikuwa, enhe, kwenye mfumo. Ikatupwa kwa kuchelewa. Hakuna aliyefika hata kwenye hoja yenyewe. Na msidhani waliorudishwa walilala usingizi: wengi walikalishwa nyumbani kwa likizo ya malipo, na tarehe 8 na 9 Aprili Mahakama ya Juu na mahakama ya rufaa zikazisimamisha amri zote mbili. Sasa nafanya kazi serikali ya kaunti, mshahara umepungua, maegesho ni bure. Kuku wa Tanga mpaka leo hatujamzungumza.

4. Majaribio ya sasa si ya zamani. Zamani mwaka ukiisha na hakuna aliyesema neno, umepita. Tangu amri ya Rais ya tarehe 24 Aprili 2025, kimya maana yake umeondoka: ofisi lazima ithibitishe kwa maandishi kwamba kubaki kwako kuna manufaa kwa umma, isipothibitisha ajira inakufa pamoja na majaribio. Kwa hiyo miezi miwili kabla, mwandikie bosi wako barua pepe ya heshima na umuulize. Usimwonee haya. Hana ubaya, ni msahaulifu tu. Wangu wa mwisho alisahau kunialika kwenye kikao cha kunikaribisha.

5. Ukiachishwa, bima ya afya inaendelea siku 31 bila malipo, kwa hiyo kachukue dawa zako zote mapema. Fao la kukosa kazi linaombwa kule kilipokuwa kituo chako cha kazi: mnaolala Maryland na kufanya kazi DC, nendeni DC.

Jana usiku saa nne yule kijana wa kamba amenitumia picha ya SF-50 yake, kaichapisha, kaiweka juu ya kitanda. Nimemwambia apige tena. Kidole gumba chake kimefunika kisanduku cha 24.