Chora mshale wa msuguano mwisho

Mfuko wa saruji wa kilo 50 umelazwa juu ya ubao unaopanda kutoka barabarani hadi kwenye bodi la Canter, mtaa wowote pale Kariakoo. Ubao umeinuka nyuzi 20 na mfuko umetulia. Muulize mwanafunzi wa kidato cha tano msuguano ni kiasi gani, naye atakimbilia μ mara R, R ikiwa mjibizo, yaani kani ya ubao inayousukuma mfuko pembe mraba na uso wake. Kizigeu cha msuguano (μ) kikiwa 0.5 na g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ikiwa 10, anapata niutoni 235. Sasa piga hesabu ya sehemu ya uzito inayovuta mfuko kushuka: 500 × sin 20°, yaani niutoni 171. Kwa mchoro wake, mfuko unasukumwa kupanda kwa niutoni 64, hivyo utaingia garini wenyewe bila kuguswa na mtu. Wapakiaji wangefurahi sana.

Kosa limeanzia kwenye mchoro, pale alipoandika μR ubavuni mwa mshale. Hiyo 235 ni ukomo. Kitu kikiwa kimetulia, msuguano hutoa kile kinachohitajika tu, mradi usivuke ukomo huo. Hapa inahitajika 171, basi ni 171. Andika F, uiache haijulikani. μR inaingia pale tu swali linaposema kitu kinakaribia kuteleza au kinateleza, au linapouliza kani ndogo kabisa ya kukisogeza.

Ndiyo maana mshale huu uchorwe mwisho. Anza kwa kukitenga kitu: chora mfuko peke yake, bila ubao wala gari. Weka uzito, wima kwenda chini, kutoka katikati ya mfuko. Kisha zunguka pembeni ukihesabu sehemu zinazoguswa. Kila mguso unaweza kukupa mshale mmoja wa mjibizo, unaokaa pembe mraba na uso, na mmoja wa msuguano unaolala sambamba na uso. Kila mshale uwe na mwenyewe: huu ni wa dunia, huu wa ubao, huu wa mpakiaji. Ukikuta mshale umeandikwa “kani ya kuteremka” na hauna mwenyewe, ufute. Hiyo ni sehemu ya uzito uliokwisha kuchorwa, na ukiiacha utaihesabu mara mbili. Ukitaka kugawa uzito, tumia mistari ya nukta au mchoro wa pili.

Jambo dogo lakini linaokoa alama: mteremko uchore umelala kidogo, usiwe kama nyuzi 45. Kwa nyuzi 45 pembe mbili kali za pembetatu zinafanana machoni, na hapo ndipo sin na cos zinapobadilishana viti. Ukishuku, fanya ubao uwe bapa kabisa: mjibizo lazima uwe sawa na uzito wote, na cos 0° ni 1, kwa hiyo ndio wenye cos.

Sasa msuguano. Kujua unaelekea wapi, jifanye uso umepakwa mafuta ukajiulize kitu kingeteleza kwenda upande gani. Mshale uelekee upande wa pili. Mfuko wetu ungeshuka, basi F inapanda. Lakini mpakiaji akiusukuma kwa niutoni 300 sambamba na ubao na bado haujasogea, ungepanda, kwa hiyo F inageuka na kushuka, kiasi cha 129. Akisukuma kwa 171 kamili, msuguano ni sifuri. Ili uanze kupanda anahitaji kuvuka 171 + 235, yaani niutoni 406. Ukikosea upande wakati F umeiacha haijulikani, hesabu itakurudishia alama ya kutoa na hujapoteza kitu. Ukikosea baada ya kuandika μR, hakuna kitakachokuonya.

Ngazi ndipo mahali pa kukaa kwa muda. Chukua ngazi ya mita 5, kilo 20, kitako chake kikiwa mita 3 kutoka ukutani, na ukuta ni laini, yaani hauna msuguano. Mishale ni minne: uzito 200 katikati, R ya sakafu kwenda juu, F ya sakafu kuelekea ukutani, na N ya ukuta iliyolala mlalo. Chukua momenti (kani mara umbali wa mstari wake) kwenye kitako, maana R na F zinapita hapo na kutoweka; ncha ya ngazi iko mita 4 juu: N × 4 = 200 × 1.5, N = 75. Basi F = 75, na R = 200.

Mpandishe fundi rangi wa kilo 70. Akiwa kwenye kipago cha chini kabisa, R inafika 900 na F inapanda kidogo tu juu ya 75. Ngazi imeshikilia vizuri kuliko ilipokuwa tupu. Akifika mita 4 kutoka kitako, ukipima kwa kufuata ngazi, F inayohitajika ni 495. Kama μ ya sakafu ni 0.5, ukomo ni 450, kwa hiyo ngazi ilishateleza alipokuwa kwenye mita 3.6 hivi. Ndiyo maana kitako hushikwa na mtu hata kama ngazi tupu ilisimama bila tatizo.

Kwa ngazi tupu kuna njia ya kuukagua mchoro kabla ya hesabu. Refusha mstari wa uzito na mstari wa N hadi vikutane. Jumla ya R na F lazima ipite hapohapo. Isipopita, kuna mshale ulioelekezwa vibaya.

Ukuta ukiwa na msuguano, unaongeza mshale wa nne usiojulikana ilhali milinganyo ni mitatu. Usihangaike na aljebra. Rudi kwenye swali utafute maneno “inakaribia kuteleza”. Yakiwepo, ngazi haiwezi kuteleza upande mmoja tu, kwa hiyo μ inatumika sakafuni na ukutani pia.