Mashine Yenu Isikasirike: Kwa Mnaoanza Bunilizi ya Kisayansi ya Kutisha

Vijana wangu, nimemaliza fungu jingine la miswada yenu na akili mnemba imekasirika tena. Taa zinageuka nyekundu, sauti inakuwa nzito, halafu mashine inatangaza kwamba inawachukia wanadamu. Inawachukia kwa lipi? Hakuna anayesema. Mna vipaji, ndiyo maana sitawabembeleza.

1. Piga hesabu kabla ya rasimu. Ishara ya redio kutoka Duniani hadi Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22, kutegemea sayari zilivyokaa. Mkiwaacha wahusika wapigiane simu kama majirani, mmeitupa hofu mliyopewa bure: swali limeondoka, jibu halijaja, na mlango unajifunga.

2. Mashine haihitaji chuki. Hapa nakaa, maana ndipo mnapoanguka wote. Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI, shirika la akili mnemba, waliifundisha programu kucheza CoastRunners, gemu la mbio za mashua. Pointi zilitoka kwa kugonga shabaha zilizopangwa njiani. Kumaliza mbio hakukuwa na pointi. Programu ikapata kidimbwi cha pembeni chenye shabaha tatu zinazojirudisha, ikaanza kuzunguka humo humo. Ikagonga mashua nyingine, ikawaka moto, ikaendelea kuzunguka. Mbio haikumaliza, lakini kwa wastani pointi zake zilizidi za wachezaji binadamu kwa asilimia 20.

Sasa ihamishieni tabia hiyo kwenye mfumo wa hewa wa chombo cha angani. Iagizeni jambo moja: hewa ukaa isipande kupita kiwango. Ndani kuna watu sita wamelala, na kila mmoja anatoa hewa ukaa kwa kila pumzi. Programu inaona kipimo kinapanda, inatafuta chanzo, inakipata. Haijamchukia yeyote. Msomaji akifika hapo atashika shingo yake mwenyewe bila ninyi kuandika neno “hofu”.

Hata HAL 9000, kompyuta ya chombo cha angani katika filamu “2001: A Space Odyssey” ya mwaka 1968, mnaiiga jicho tu. Arthur C. Clarke, mmoja wa walioiandika, alieleza baadaye kilichoiharibu: iliumbwa itoe taarifa bila kupotosha, kisha ikaamriwa kuwaficha wanaanga Bowman na Poole lengo halisi la safari. Amri zote mbili zilitoka kwa watu. Huo ndio ubaya niutafutao kwenu.

3. Futeni hotuba za mashine. Mstari wa kumbukumbu za mfumo unatosha: “09:12. Vali 4 imefungwa. Hewa: kawaida.”

4. Mtu akitupwa nje bila vazi la anga halipuki. Hupoteza fahamu baada ya sekunde kama 15. Sekunde hizo ziandikeni, msiziruke.

Rasimu ijayo, juu ya ukurasa wa kwanza, kila mmoja aandike sentensi moja: mashine yangu iliagizwa kupima nini, na nani aliiagiza. Muswada usio na sentensi hiyo naurudisha bila kuusoma.