Ushauri umezidi? Andika sampuli mbili kwanza

Mdogo wangu, umesema wataka kuanza uandishi wa kujitegemea lakini video za ushauri zimekuchanganya: huyu akwambia fungua tovuti, yule akwambia lipia kozi. Ziache zote mwezi huu. Mteja anataka kuona ulichoandika, basi.

Andika sampuli mbili za mambo unayoyaona kila siku. Uko Mombasa, mada zimejaa tele! Nenda soko la Kongowea alfajiri malori yakishusha mboga, umuulize mchuuzi bei ya kreti ya nyanya hupangwa vipi. Au Ngome ya Yesu, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, lakini kwa jicho la anayetembeza wageni pale. Maneno 600 yatosha. Mpe mtu asiyekuonea haya asome, urekebishe, kisha uwatumie hoteli ndogo na kampuni za utalii kwa barua pepe fupi.

Kazi ikija, andikianeni: idadi ya maneno, siku ya kukabidhi, marekebisho mangapi, na malipo ya awali kwa M-Pesa. Hilo la mwisho usilegeze hata kwa jamaa. Kozi utalipia ukishalipwa wewe.